Mvua za Kwanza Kijijini na Kalenda ya Ofisi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Kasulu)



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya mambo ya kijiji katika miezi hii ya Septemba, Oktoba na Novemba. Maana yake mikusanyiko ya watu, na huduma ambazo sisi watumishi tunawapelekea. Nimeipokea kazi hii kwa furaha, kwa kuwa ni jambo linalopita mbele ya macho yetu kila mwaka, na kila mwaka huona ofisi zikilalamika kuwa watu hawaji, na watu wakilalamika kuwa ofisi haziwajali. Nami nitajaribu kuonyesha kuwa ugomvi huu, kwa sehemu kubwa, ni ugomvi wa kalenda.

Kwanza yafaa tupatane juu ya neno moja. Mtu aliyelelewa Tanga au Unguja, ikiingia Oktoba, husema vuli imekaribia, na kwake yeye vuli ni mvua ndogo. Ikimkosa, ataingojea masika. Mtumishi wa namna hiyo akihamishiwa Kibondo huja na kalenda ya pwani kichwani mwake. Lakini huku Buha hatuna misimu miwili iliyoachana hivyo. Mvua ni moja. Huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hata Mei, ila hupumzika majuma machache Januari au Februari. Basi hizi mvua za kwanza ndizo mlango wa mwaka mzima. Maharage mtu aweza kuyapanda tena baada ya mapumziko hayo, walakini mahindi yaliyochelewa yamechelewa, wala hakuna masika ya kumfariji mwenyewe.

Yafaa pia tukumbuke kwamba kijiji chenyewe, kama tunavyokijua leo, si kitu cha zamani katika nchi hii. Waha walikaa vilimani, mji huku na mji kule, kila mmoja na migomba yake na ng'ombe wake. Katika miaka ya 1930 serikali ya wakati ule iliwahamisha watu wengi wa Kibondo na Kasulu ikawaweka mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, iliyowakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, miongoni mwa mikoa ya mwanzo kabisa kufanyiwa hivyo. Mara zote mbili mwananchi aliambiwa kuwa akikaa karibu na mwenziwe atapata huduma: dawa, shule, maji. Basi alihama. Na kwa kuwa alihama, mashamba ya wengi yakabaki mbali na nyumba, wengine mwendo wa saa moja au mbili kwa miguu. Naomba neno hili la umbali mlishike, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi ya Novemba.

Sasa tutazame Septemba. Ardhi imekauka, vumbi limejaa, na mtu wa kijijini ana nafasi. Ndio wakati wa kufyatua na kuchoma matofali, kuezeka, kuoa na kuoza, kumaliza matanga yaliyoahirishwa, na kuwatembelea wakwe. Sokoni utaona maharage, ndizi, na asali ya Kibondo ambayo sifa yake imefika mbali. Darasa la saba kwa kawaida hufanya mtihani wao katika mwezi huo. Mwenye gari hufika popote, na mwenye baiskeli vilevile. Mtumishi mwenye busara angeona kuwa Mungu amempa mwezi huu awe mwezi wake.

Wenye kupanga mambo makubwa wamekwisha kuliona jambo hili. Sensa ya watu ya mwaka 2012 ilifanyika tarehe 26 Agosti, na ile ya 2022 ilifanyika tarehe 23 Agosti, na mkoa wetu ukahesabiwa watu 2,470,967. Hesabu hiyo ingepatikana kwa taabu kubwa kama makarani wangetumwa mwezi wa Novemba, kwa maana wangekuta milango imefungwa kwa kamba na watu wote wako shambani. Hali kadhalika, katika Septemba 2023 matone ya polio yalipopelekwa nyumba kwa nyumba katika mikoa ya mpakani, pamoja na huu wetu, watoto walikuwapo nyumbani na njia zilikuwa kavu.

Lakini kazi zetu ndogo ndogo, zile za kijiji na kata, tunazipanga wakati gani? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mvua ya kwanza ikipiga, kumbikumbi hutoka, watoto hukimbia na vikapu, na usiku huo huo mji wote hupata uso mwingine. Kesho yake alfajiri baba na mama wamekwisha toka na jembe. Uyoga huanza kuonekana porini, nao ni kitoweo cha maana, kwa sababu wakati huo ghala limepungua na mbegu haziliwi. Mama hulima asubuhi, huteka maji, hutafuta kuni ambazo sasa zimelowa, hupika, na mara nyingi mtoto yu mgongoni muda wote huo. Ndipo mbu nao huanza kuzaliana katika kila kidimbwi. Uchunguzi wa malaria wa nchi nzima wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa katika Kigoma watoto wapatao 24 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea, hali kwa nchi yote walikuwa kama 7. Kwa hiyo katika majuma yale yale ambayo nyumba ina chakula kidogo na kazi nyingi kupita wakati wote, ndipo mtoto huanza kupata homa.

Na katika majuma yale yale, mabwana, ndipo tunapopiga mbiu ya mkutano.

Nimeona katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, mkutano mkuu ukiitishwa saa tatu asubuhi katikati ya Novemba, siku mbili baada ya mvua nzuri. Walifika wazee wachache, wenye maduka, na vijana wawili waliokuja kutafuta mihuri. Walingojea hata saa sita. Hesabu ya mapato na matumizi ilisomwa mbele ya watu ambao hawangeweza kuuliza neno, na shauri la eneo la malisho likaahirishwa. Kisha taarifa iliyopelekwa wilayani ikasema wananchi hawana mwamko. Neno hili "mwamko" mimi silipendi. Mtu aliyeamka saa kumi za usiku kwenda kupanda mahindi mwendo wa saa mbili haambiwi kuwa amelala.

Na dhara lake si la karatasi tu. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pekee ambapo kila mwanakijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi aweza kusimama akauliza fedha yake imekwenda wapi, au kwa nini ardhi fulani imetolewa. Ukiitishwa wakati asioweza kuja, basi amenyimwa haki hiyo bila ya mtu yeyote kuvunja sheria. Na watakaonufaika ni wale wasiolima.

Najua baadhi yenu mtajibu kuwa tarehe hazitoki kwetu. Ni kweli kwa baadhi yake. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 24 Novemba mwaka 2019, na tena tarehe 27 Novemba mwaka 2024, na kuandikisha wakazi kwa huo wa pili kulifanywa tarehe 11 hata 20 Oktoba. Tarehe hizo ni za nchi nzima, wala karani wa Kasulu hawezi kuzisogeza. Hata hivyo mwandikishaji huweza kumwambia mwananchi mapema, naye akaenda siku ya kwanza kabla mvua haijashika, asiingoje ya mwisho.

Lakini mikutano ya kijiji huwa kila miezi mitatu, na robo ya Oktoba hata Desemba ina siku 92. Ni nani aliyetuamuru kuchagua katikati yake? Mkutano waweza kuwekwa katika juma la kwanza la Oktoba, au ukangoja palizi ya kwanza ipite, katikati ya Desemba. Na ikiwa hapana budi kukutana Novemba, uitishwe saa kumi alasiri, si asubuhi. Hili halina gharama hata senti moja.

Kuhusu kliniki nina shauri jingine. Kila mmoja wetu anaijua siku ya soko ya mahali pake. Siku hiyo hata katika msimu wa kupanda mama hushuka kutoka shambani, kwa sababu lazima auze kitu apate chumvi na sabuni. Basi kliniki ya watoto ya nje ya zahanati ikiwekwa siku ya soko, karibu na soko, mama atafanya safari moja badala ya mbili. Na hapo hapo mtendaji wa kata aweza kukaa na daftari lake la kuandikisha vizazi vya watoto wa chini ya miaka mitano, maana cheti hicho kisipopatikana sasa kitatafutwa kwa taabu mtoto akifika umri wa shule. Wauguzi wenzetu watasema siku ya soko ina kelele. Ni kweli, lakini kelele ni afadhali kuliko benchi tupu.

Juu ya mbolea sitasema marefu. Tangu ruzuku ilipoanza katika msimu wa 2022/2023, mkulima hana budi kuwa ameandikishwa ndipo aipate. Kuandikishwa kwenyewe ni kazi ya Julai na Agosti. Mfuko unaofika baada ya mahindi kufika magotini haukumfaa mwenyewe kwa kupandia, hata kama katika vitabu vyetu umeandikwa kuwa umepokewa.

Liko na jambo la chakula cha shule. Ada ya shule za msingi na sekondari hata kidato cha nne imeondolewa tangu Januari 2016, lakini wazazi hukubaliana kuchangia mahindi na maharage ili watoto wale mchana. Wengi wetu tunaudai mchango huu Januari shule zikifunguliwa, wakati mzazi ametoka kununua sare na ghala limefagiwa. Kwa nini tusiupokee baada ya mavuno, debe kwa debe, ukahifadhiwa shuleni chini ya kamati yenye funguo mbili?

Barabara ya lami ya kutoka Kabingo, kwa Kibondo na Kasulu, hata Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260 hivi, imetubadilishia safari za bomani. Walakini lami haipandi vilimani. Kijiji kilicho kilomita 20 kutoka barabarani bado hufungwa na matope kama zamani. Vijiji vilivyo karibu na Nyarugusu na Nduta vina mambo yao ya pekee, nami sitavigusa leo.

Bwana Mwenyekiti, naomba kuleta azimio. Kila mwanachama aliye kijijini au katani alete katika mkutano wetu wa Desemba karatasi moja tu, iliyoandikwa: siku mvua ilipoanza kwake, siku ya soko, siku za kliniki, siku na saa za mikutano yote iliyoitishwa tangu Septemba, na idadi ya watu waliofika, wanaume mbali na wanawake mbali. Bwana Katibu amekwisha kubali kuzikusanya na kuzipiga chapa katika gazeti letu pasipo kutaja jina la mtumishi yeyote, ili tuzipeleke kwa Mkurugenzi kabla ratiba ya mwaka ujao haijaandikwa. Wenzetu wa Kibondo wasioweza kusafiri wampe mjumbe wao karatasi hizo kabla ya tarehe 5 Desemba.