Bomba la Moshi na Pumzi ya Jirani

Mada kwa viongozi wa walei



Mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Mmezoea kuisikia Tume ya Haki na Amani ikizungumzia ardhi, mirathi ya wajane, uchaguzi na rushwa. Leo tunazungumzia kifaa kilichofungwa chini ya gari. Je, mwenye gari akiache mahali pake, au amruhusu fundi akikate na kuunga bomba tupu? Swali hili huonekana kuwa la gereji. Napenda tulitazame kama swali la haki.

1. Kifaa chenyewe

Katika gari la petroli, kati ya injini na mwisho wa bomba la moshi, kuna kopo la chuma. Ndani yake mna vitundu vingi vyembamba, mfano wa sega la nyuki. Ndiyo maana mafundi wetu wengi hukiita kifaa hicho masega. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Moshi ukipita humo kukiwa na joto la kutosha, sumu zake hugeuzwa. Kaboni monoksaidi huwa hewa ukaa; mvuke wa petroli isiyoungua huwa maji na hewa ukaa; nazo oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Masega mazima, yakishapata moto, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Hayaponyi tabianchi, kwa kuwa hewa ukaa bado hutoka. Kazi yake ni kulinda pumzi ya watu walio karibu.

Nchini Marekani kifaa hiki kilienea katika magari mapya kuanzia mwaka 1975, baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1970. Kwetu palikuwa na kizuizi: petroli iliyotiwa risasi, maana risasi huyaharibu masega. Fundi wa zamani aliyesema kwamba kifaa hicho hakifai kwa mafuta yetu alikuwa na sababu. Lakini nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Sababu ile imekwisha, mazoea yamebaki.

2. Kwa nini yanakatwa

Wanaoyakata si wote watu wabaya. Wengine gari limewaishia nguvu kwa sababu masega yameziba, na mapya ni ghali. Shida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, mara nyingi masega huziba kwa sababu injini inaumwa: inakula oili, au plagi hazichomi vizuri. Anayekata masega bila kutibu injini amenyamazisha dalili na kuuacha ugonjwa.

Wengine huamini kwamba bomba tupu huongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Masega yaliyoziba yakiondolewa, ni kweli gari litachangamka. Yakiwa mazima, tofauti ni ndogo mno. Tena magari mengi ya siku hizi yana sensa inayokagua masega, na yakiondolewa taa ya injini huwaka. Hapo hutafutwa fundi wa pili wa kuidanganya sensa.

Sababu ya tatu ni fedha. Mwaka 2021 bei ya rodi ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja, na wanunuzi wa masega wakazagaa duniani kote. Ndiyo maana gari huweza kuingia gereji kwa tatizo dogo na kutoka bila masega, mwenyewe asijue. Huo ni wizi, wala hauhitaji jina la heshima.

3. Nani analipa?

Mwenye gari akikata masega, faida huiona yeye: amepata fedha, au ameepuka gharama. Hasara haimfikii kwa kipimo hicho hicho, maana yeye husonga mbele na kuuacha moshi nyuma. Hubaki nao mama lishe mwenye jiko kando ya barabara, askari wa usalama barabarani kwenye makutano, kijana wa bodaboda kwenye foleni, na mtoto atembeaye kwenda shule. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019. Magari ni chanzo kimojawapo tu. Lakini ni chanzo kilicho mikononi mwetu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki huweka wajibu wa kuheshimu viumbe chini ya amri ya saba: Usiibe. Si kwa bahati. Hewa ni mali ya wote, na anayeiharibu kwa faida yake amechukua kisicho chake kutoka kwa mtu asiye na gari wala sauti.

4. Yatupasa kufanya nini?

Tuanze nyumbani. Magari ya parokia, ya shule zetu na ya zahanati zetu yakaguliwe kwanza. Hatuwezi kuwahubiria wengine huku bomba letu likiwatemea watu sumu. Anayenunua gari lililotumika aagize fundi aingie chini, ahakikishe masega yapo. Anayepeleka gari gereji ayaone kabla na baada ya kazi. Gari likipungukiwa nguvu, injini ipimwe kabla ya msumeno kutumika. Na asiye na uwezo wa kununua masega mapya leo tusimhukumu. Aitunze injini yake, aweke akiba, ila asiyauze mazima kwa tamaa.

Nanyi mafundi mlio waumini wetu, mna nafasi ya pekee. Mteja haoni chini ya gari. Anaamini neno lenu. Uaminifu wenu huko gizani ni ushuhuda mkubwa kuliko mahubiri mengi.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayevuta moshi mwingi kuliko wote? Je, tumewahi kumsikiliza?
2. Mafundi waumini watasaidiwaje kukataa kazi isiyo ya haki bila kukosa riziki?
3. Ni nani atakayekagua magari ya parokia, na atatuletea taarifa lini?