Masomo kwa Intaneti na Wajibu Wetu
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya makampuni yatoayo masomo ya sekondari kwa njia ya intaneti. Wamo miongoni mwetu wanaotaka mfuko wa Chama utumike kuwalipia wanafunzi masomo hayo. Nawaunga mkono, ila kwa sharti moja: mwanafunzi asiachwe peke yake na mashine.

Jambo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wengi tunaijua pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilitoa masomo kwa njia ya posta. Mwanafunzi alipelekewa kijitabu, akafanya mazoezi, akayarudisha. Mwalimu akasahihisha na kumwonyesha alipokosea. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki. Hawakusikiliza kila mtu kivyake. Walikutana kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilisema, kikundi kikatenda.

Katika zama zetu, Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Bi. Faraja Nyalandu, iliweka kwenye intaneti masomo ya sekondari yanayofuata mihtasari ya Tanzania. Tena ilianzisha Makini SMS, ili hata mwenye simu ya kitochi ajifunze kwa ujumbe mfupi. Hiyo ni kazi ya kupongezwa. Na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, tuliona wazi: mwenye simu na bando aliendelea kusoma, asiye navyo alingoja, wengi wao hadi 29 Juni.

Sasa tuwatazame vijana wetu wa Kariakoo, Gerezani na Mchikichini. Madukani simu zimepangwa kama nyanya sokoni, lakini nyumbani simu janja ni moja, nayo ni ya mama, anapokelea malipo ya wateja mpaka usiku. Ikifika zamu ya mtoto, bando limekwisha, au mtoto mwenyewe amekwisha lala. Na akibahatika kulifungua somo la fizikia, limeandikwa kwa Kiingereza. Akikwama sentensi ya pili, atamwuliza nani? Mwenye uwezo huenda twisheni. Ada imefutwa tangu 2016, lakini mtu wa kumjibu mtoto jioni bado hununuliwa.

Sisi watumishi wa serikali tunaujua ugonjwa wa vifaa: hununuliwa, hupigwa picha, kisha hufungiwa kabatini. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, sehemu ya fedha igharimie chumba kimoja hapa shuleni, chenye kompyuta, intaneti, umeme na mlinzi, kiwe wazi baada ya vipindi mpaka saa 2 usiku.

Pili, kila mmoja wetu aliye mjini atoe jioni moja kwa mwezi akae na vijana hao. Injinia aje na hesabu zake, daktari na baiolojia, karani na Kiingereza.

Tatu, mazoezi yaandikwe daftarini na yasahihishwe, kama enzi za posta. Mwisho wa mwaka tusiulize wangapi wameandikishwa. Tuulize mazoezi mangapi yamesahihishwa. Kampuni isiyoweza kutuonyesha mwanafunzi amefika wapi, tusiilipe tena.

Ndugu zangu, fedha tutachanga, hilo sina shaka nalo. Kilicho kigumu kutoa ni jioni. Naomba orodha ya zamu ifunguliwe leo, kabla chakula hakijaletwa. Jina langu liandikwe Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.