Filamu ya Rangi Mezani pa Afisa Forodha

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, Tanga)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya forodha. Nilimaliza masomo hapa mwaka 1974, na miaka miwili baadaye nikaingia forodhani. Nimefanya kazi bandarini Tanga, enzi ambazo meli zilitia nanga ndani ya ghuba na shehena ikaletwa gatini kwa matishari. Nimefanya kazi mipakani pia. Ningeweza kuwasimulia habari za marobota ya mkonge hadi jua lichwe. Lakini leo nitasema juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani, nacho ni filamu ya picha za rangi. Nimekichagua kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kazi, na kilinifundisha kwa kuniaibisha.

Wengi hudhani kazi ya afisa forodha ni kupekua mabegi. Kupekua ni nusu tu. Nusu ya pili ni kukipa kila kitu mahali pake katika kitabu cha ushuru, ambamo kila bidhaa ina sura yake, kifungu chake na namba yake. Mfumo unaotumika sasa ulitiwa saini Brussels mwaka 1983, ukaanza kazi tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile Tanga, Mombasa, Muscat na Hamburg. Sisi wa Afrika Mashariki, tangu umoja wetu wa forodha uanze mwaka 2005, huongeza mbili zetu zikawa nane. Ukikosea namba, ama unamdhulumu mwenye mali, ama unaidhulumu serikali.

Filamu zimo katika Sura ya 37. Filamu mpya ya roli, ambayo haijapigiwa picha, ni kifungu cha 37.02. Hapo afisa huanza kuuliza. Je, ni ya rangi? Upana wake milimita ngapi? Urefu wake mita ngapi? Ni ya kutolea slaidi au siyo? Ile roli ya kawaida ya milimita 35, yenye picha 36, urefu wake umezidi kidogo mita moja na nusu. Basi inaingia kundi la upana uliozidi milimita 16 usiozidi 35, na urefu usiozidi mita 30. Ikiwa ni ya slaidi, namba yake ni 3702.53. Ikiwa siyo ya slaidi, ni 3702.54. Ikizidi mita 30, huhamia 3702.55. Mnaona, vijana, kuwa rula ya darasa la hesabu haikuishia darasani.

Filamu bapa, pamoja na ile ya picha za papo kwa papo, huenda 37.01. Karatasi ya kuchapia picha, ikiwa bado mpya, ni 37.03. Filamu ya eksirei ina namba zake yenyewe, hata ikija katika katoni moja na filamu ya rangi. Reli za sinema zilizokwisha kusafishwa, kama zile zilizotutoa mabwenini kwenda Majestic bila ruhusa, ni 37.06. (Mwalimu Mkuu anisamehe, makosa hayo ni ya zamani.) Na filamu mbovu zilizokusanywa ili zitolewe madini ya fedha yaliyomo haziko tena Sura ya 37. Hizo huhesabiwa pamoja na masalia ya madini ya thamani, Sura ya 71.

Sasa sikilizeni jambo lililonichukua miaka kulielewa. Chukueni roli moja tu. Ikitoka dukani ni 37.02. Ikishapigiwa picha, kabla ya kusafishwa, ni 37.04. Ikisafishwa ikawa negativu, ni 37.05. Picha zikichapishwa kwenye karatasi, picha hizo huhamia Sura ya 49, pamoja na mambo ya uchapaji. Kati ya namba ya kwanza na ya pili hakuna kilichoongezeka ambacho macho yanaweza kukiona. Mwanga umepita kwa sehemu ndogo ya sekunde, basi.

Mwaka 1985 nilikuwa katika kituo kimoja cha mwambao, sitakitaja. Nilikuwa kijana mwenye cheo kipya na viatu vilivyong'arishwa. Alasiri moja lilifika basi kutoka Mombasa, na ndani yake mama mmoja wa makamo aliyejifunga leso. Kikapuni mwake mlikuwa na roli tatu za filamu ya rangi zilizofungwa ndani ya kitambaa. Nikamwuliza, “Mama, hizi ni mali ya kuuza?” Akanijibu, “La, mwanangu. Hizi ni picha za harusi ya binti yangu. Nazipeleka Dar es Salaam zikasafishwe.”

Sikumwamini. Kila mwenye bidhaa husema si bidhaa. Nikachukua kisu kidogo, nikabandua kifuniko cha kikasha cha kwanza, nikauvuta mkanda nje penye jua. Ulikuwa mweupe wa picha, rangi ya hudhurungi tupu, mwanzo hadi mwisho. Nikasema kwa sauti ili wenzangu wasikie, “Mbona hakuna picha humu? Hii ni filamu mpya.”

Yule mama hakupiga kelele. Alisema, “Mwanangu, picha haijasafishwa haionekani. Sasa haitaonekana tena.” Kisha akaniambia kuwa katika roli mojawapo alikuwamo mama yake mzazi, aliyefariki wiki mbili baada ya harusi. Hakujua ni ipi kati ya zile tatu. Wala mimi sikujua. Mkuu wangu wa zamu alizirudisha mbili zilizosalia mikononi mwa mwenyewe na kumwomba radhi mbele ya abiria wote. Mimi nilisimama na mkanda umening'inia mkononi. Sikupata kujua kama ile niliyoifungua ndiyo.

Usiku ule nilikifungua kitabu cha ushuru cha wakati huo. Kifungu kilikuwamo, kimeandikwa wazi: filamu iliyopigiwa picha ambayo haijasafishwa. Watu waliokitunga walijua kuwa kuna kitu kilicho kamili na bado hakionekani, wakakiwekea mahali pake. Mimi nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukielewa. Na alama nayo ilikuwa mbele ya macho yangu. Filamu mpya ya milimita 35 huacha ulimi wake nje ya kikasha, ili mpiga picha aunase ndani ya kamera. Ikishatumika na kuzungushwa nyuma, ulimi kwa kawaida humezwa ndani. Zile roli tatu hazikuwa na ulimi hata moja. Laiti ningetazama kabla ya kushika kisu.

Tangu siku hiyo, kila kijana aliyefanya kazi chini yangu nilimfundisha mambo matatu. Soma kifungu na maelezo ya sura, usisome jina la sura peke yake. Uliza kitu kikoje leo, siyo kilivyokuwa dukani. Na kama kukikagua ndiko kukiharibu, basi tafuta njia nyingine ya kujua: ankara, alama za nje, ama chumba cha giza cha fundi picha. Nilistaafu nikiwa nimefungua makasha mengi, lakini roli ya filamu sikuifungua tena.

Vijana, filamu zimepungua sana siku hizi, na wengi wenu mnapiga picha kwa simu. Lakini zingali zinatengenezwa na kupita mipakani, na Sura ya 37 ingalipo. Atakayeingia forodhani katika ninyi atakutana na mama kama yule, akiwa amebeba kitu ambacho yeye anakijua na afisa hakijui. Namwomba amsikilize kwanza.