Maneno Mawili, Maana Mbili

Hotuba iliyosomwa mbele ya machifu, waalimu na wazee

Nimeombwa kusema juu ya lugha ya Kiingereza. Sikuja kuwafundisha sarufi, maana kazi hiyo ina wenyewe darasani. Nimekuja kusema juu ya jambo moja lionekanalo dogo, nalo laweza kuleta hasara kubwa. Kiingereza kina maneno mengi yaliyo ya jamaa moja, lakini maana zake si moja. Na sisi, kwa kuwa lugha yetu huyaita kwa jina moja, twadhani ya kuwa hayana tofauti.

Na tuanze na mfano wa nyumbani. Mtu akitaka jembe la jirani yake husema, "Niazime jembe lako." Akiisha kulipata husema, "Nimeliazima kwa jirani." Neno ni lile lile kwa atoaye na kwa apokeaye, wala hapana anayepotea, kwa kuwa usemi wenyewe huonyesha jembe limetoka kwa nani. Lakini Mwingereza ana maneno mawili. Kazi ya atoaye huiita "lend", na ya apokeaye huiita "borrow". Mwanafunzi asiyejua huandika kana kwamba yeye ndiye aliyetoa, kumbe ndiye aliyepokea. Darasani kosa hilo hupigwa mstari kwa wino mwekundu, na maneno yakaisha. Lakini likiingia katika hati ya deni, mwenye kudai na mwenye kudaiwa watakuwa wamebadilishana mahali.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao ni neno kodi. Fedha anazotozwa mtu na Serikali twaziita kodi. Na fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba kila mwezi, nazo pia twaziita kodi. Kiingereza huzitenga: ya Serikali ni "tax", na ya mwenye nyumba ni "rent". Alipaye "tax" hakiri kwa malipo yale kwamba mali yake ni ya mtu mwingine. Hulipa kwa sababu yu chini ya utawala. Bali alipaye "rent" anakiri ya kuwa mwenye mali ni mwingine, na yeye ni mpangaji tu. Zamani za utawala wa Waingereza, watu wetu walitozwa kodi ya nyumba walizojijengea kwa mikono yao, nayo kwa Kiingereza iliitwa "hut tax". Kwa kuilipa hawakuwa wapangaji ndani ya nyumba zao. Lakini mtu akikubali leo stakabadhi yenye neno "rent" kwa shamba alilorithi kwa baba yake, huenda siku ya shauri karatasi ile ikatolewa kuwa ushahidi juu yake.

Sasa nitawaeleza mfano wa tatu, na huu si wa kubuni. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, kwa mkataba uliofanywa baina ya wakuu wao, Olonana akiwa mbele, na Serikali ya Waingereza. Wakapewa nchi mbili, moja Laikipia upande wa kaskazini, na moja upande wa kusini. Wakaahidiwa ya kuwa zitakuwa zao maadamu kabila la Wamaasai lipo. Haikupita hata miaka minane. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, na wale wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini.

Baadhi yao, Ole Njogo na wenzake, hawakushika mikuki. Walikwenda mbele ya mahakimu wa Mombasa wakaishitaki Serikali. Walisema ya kuwa mkataba wa 1904 ungali na nguvu, na ya kuwa waliotia sahihi ule wa pili hawakuwa na amri ya kuwafunga wao.

Mabwana, yasikilizeni yaliyoamuliwa. Kabla ya kupima kama ahadi imevunjwa, iliulizwa kwanza karatasi zile ni kitu gani: ni "contract" au ni "treaty"? Sisi zote mbili twaziita mkataba. Lakini "contract" ni mapatano ya watu walio chini ya sheria moja, kama mwuzaji na mnunuzi; mmoja akiyavunja, mwenziwe humpeleka kwa hakimu. "Treaty" ni mapatano ya dola na dola, na mahakimu wa dola moja hawana amri ya kuyahukumu. Basi ikasemwa ya kuwa nchi ile ilikuwa "protectorate", yaani nchi iliyo chini ya ulinzi, wala si "colony", yaani milki ya Mfalme. Kwa hiyo Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme, na mapatano yao yalikuwa "treaty". Mwaka 1913 shauri likakataliwa, na rufani yao nayo ikakataliwa. Watu wale walihesabiwa kuwa kama dola, lakini hawakuwa na nguvu za dola za kujitetea. Heshima ya neno ikawa ndiyo hasara yao.

Tena, mwaka 1920 neno lenyewe likabadilishwa. Bara ya Kenya ikafanywa "colony", na ukanda wa pwani wa maili 10, uliokuwa wa Sultani wa Unguja, ukabaki "protectorate" mpaka mwaka 1963. Mkulima alipoamka aliiona milima ile ile na mto ule ule, lakini katika karatasi nchi yake ilikuwa imekwisha kuwa milki ya Mfalme.

Sisemi kwamba neno peke yake ndilo lililowaondoa watu Laikipia. Nguvu zilikuwa upande mmoja, na hilo lajulikana. Lakini neno ndilo lililoufunga mlango wa hakimu.

Basi nawasihi, enyi waalimu, msimpe mtoto neno moja la Kiswahili kwa maneno mawili ya Kiingereza mkadhani kazi imekwisha. Mpeni na tofauti zake. Nanyi machifu, mtu akiwaletea karatasi ya kutia sahihi, ulizeni kwanza mambo manne: Nani atoa? Nani apokea? Mwenye mali ni nani? Na ugomvi ukitokea, nani atakayehukumu? Msipopata jibu lililo wazi, iacheni kalamu mezani mpaka mlipate. Afadhali mwandishi akasirike kwa kungojeshwa siku moja kuliko watoto wenu kujuta miaka mingi. Wazee walisema, kuuliza si ujinga.