Chagua Mmea Unaoijua Kiu

Mimea mingi inayokufa sebuleni mwetu haifi kwa kusahauliwa. Inakufa kwa maji. Mwenye nyumba humwagilia asubuhi, dada wa kazi humwagilia mchana, na mgeni akiona jani limelegea naye humalizia hapo maji yaliyobaki kwenye glasi yake. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na hewa hiyo hukaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji siku baada ya siku, mizizi hukosa hewa na kuoza, na mzizi uliooza hauwezi tena kunyonya maji. Ndipo majani yanapogeuka njano na kunyauka ilhali udongo ni tope. Anayeyaona hudhani ni kiu, huongeza maji, na mmea umekwisha. Hoja yangu leo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kutunza mmea wa ndani huamuliwa siku ya kuuchagua. Anayechagua mmea uliozoea ukame na kivuli amejipunguzia kazi kabla hajaufikisha nyumbani. Anayechagua kwa kuvutiwa na rangi peke yake amejitwisha kazi ambayo pengine hataiweza.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umeota katika ardhi yetu wenyewe. Uko mmea uitwao zamiokulka, ambao wauza maua wengi huutaja kwa herufi mbili tu, ZZ: majani ya kijani iliyokolea, yanayong'aa, yamepangika huku na huku kwenye vikonyo vinene. Asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Msumbiji, hadi KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Wataalamu wa mimea wa Ulaya waliuandika mwaka 1829, lakini soko la dunia halikuujali mpaka wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Sasa unapamba ofisi na hoteli za mabara yote. Uzuri wake umechangia, ila kilichouuza zaidi ni uvumilivu wake, na uvumilivu huo umetokana na kiangazi cha kwetu. Chini ya udongo zamiokulka ina viazi vinavyohifadhi maji kama mtungi, na vikonyo vyake navyo vimejaa maji. Kiangazi kikizidi, huweza kupukutisha majani na kubaki na viazi vyake ardhini, ikingoja mvua. Ndugu yake kwa tabia, ingawa si kwa ukoo, ni sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama wima, ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi hadi Kongo. Sansevieria hufungua vitundu vya majani yake usiku, hewa inapokuwa ya ubaridi, na kuvifunga mchana jua linapochoma, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Mimea ya namna hii ukiimwagilia kila siku, unaivuruga. Mara moja kwa wiki mbili au tatu inatosha, na wakati wa baridi hata mara moja kwa mwezi.

Mtu anaweza kusema: basi tuchukue mmea wowote wenye asili ya kwetu, mambo yaishe. Sikubaliani. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau alilolikuta Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, na tangu hapo limekaa kwenye madirisha ya nyumba nyingi sana za Ulaya na Marekani. Ni ua la Tanzania bila shaka yoyote. Lakini huko kwao huota kwenye miamba yenye kivuli, ndani ya misitu ya milimani yenye unyevu mwingi na joto la wastani. Lilete Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, uliweke kwenye chumba chenye bati juu, na litakusumbua usiku na mchana. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza maua halihusu nchi. Muulize huko mmea ulikotoka jua huufikia vipi, na mvua hukatika kwa muda gani. Akishindwa kujibu, angalia mwenyewe: jani nene, gumu au lenye nta hutunza maji, jani jembamba na laini hudai maji kila mara.

Suala la mwanga linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu macho yetu hutudanganya. Nje, jua la mchana linaweza kufikia kipimo cha laksi 100,000. Katikati ya sebule yenye pazia mwanga huweza kushuka chini ya 500, na bado sisi tukaona kweupe. Zamiokulka na sansevieria huvumilia hali hiyo, lakini kuvumilia si kustawi. Zikikaa karibu na dirisha bila kupigwa na jua kali la mchana, hukua vizuri zaidi. Mshubiri nao hauogopi ukame hata kidogo, ila unahitaji jua, kwa hiyo mahali pake ni kibarazani. Na bafu lisilo na dirisha, tuseme ukweli, halifai kwa mmea wowote.

Kuhusu chungu, tundu la chini ni la lazima, hata kama ni ndoo kuukuu iliyotobolewa kwa msumari wa moto. Wengine hutandaza kokoto chini wakiamini zinasaidia kutoa maji. Ukweli ni kwamba maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto; hukwama juu yake na kuisogelea mizizi. Bora kuchanganya mchanga mkavu au pumba za mpunga katika udongo wote. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Ukikuta unyevu, ondoka.

Sasa pingamizi zito: mbu. Anayelitoa ana haki kabisa. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa Aedes anayeieneza huzaliana katika maji machache yaliyotuama, yakiwemo ya kwenye kisahani cha chini ya chungu. Mayai yake hubaki hai miezi kadhaa hata pakavu, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Kisahani kisuguliwe kila wiki. Lakini pingamizi hili linaiunga mkono hoja yangu. Mmea unaokunywa mara mbili kwa mwezi hauna haja ya kisahani chenye maji. Vivyo hivyo kwa bili ya maji: Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, kaya iliyonunua maji kwa dumu haikuwa na ya kugawia majani yenye kiu ya kila siku.

Wapo wanaoogopa kulala na mimea wakisema hutumalizia oksijeni usiku. Ni kweli mimea hupumua, ila kiasi chake ni kidogo mno; mtu mmoja aliyelala kando yako anatumia oksijeni nyingi kuliko vyungu vyote unavyoweza kuvipanga chumbani. Upande wa pili wako wanaouza mimea kwa kudai husafisha hewa ya nyumba. Dai hilo lilitokana na utafiti wa NASA wa 1989, uliofanyika ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel nchini Marekani walipiga hesabu upya na kuona kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na upitishaji hewa wa kawaida wa jengo. Fungua dirisha. Mmea uweke kwa sababu unapenda kuona kitu hai kikikua nyumbani mwako, na sababu hiyo inatosha.

Yako mambo mawili kwa wenye watoto na wenye kipato kidogo. Utomvu wa zamiokulka huwasha mdomo na koo, hivyo mmea uwekwe mtoto asipofika. Na hakuna ulazima wa kununua: omba jani kwa jirani. Jani moja dogo la zamiokulka likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kidogo hutoa kiazi, ingawa huchukua miezi. Jani la sansevieria hukatwa vipande vya urefu wa kidole, ncha ya chini ikibaki chini. Ila ile yenye kingo za njano, ukiiotesha kwa jani, watoto wake hutoka kijani kitupu. Anayezitaka kingo hizo agawe shina pamoja na mizizi yake.