Kuendesha Baiskeli Barazani Wakati wa Mvua



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Mimi si daktari, kwa hiyo nitasema juu ya kitu ninachokijua, nacho ni baiskeli, hasa baiskeli wakati wa mvua.

Sisi watu wa Kasoli hatuhitaji kufundishwa baiskeli. Wengi tuliiendesha kabla miguu haijafika kwenye pedali, tukiupenyeza mguu mmoja chini ya bomba la fremu. Tumebebea pamba, mahindi, wagonjwa, hata maharusi. Lakini mvua zikishika, mambo hubadilika. Wenzetu wa Ulaya huzuiwa na theluji. Sisi huzuiwa na udongo wa mbuga. Ule udongo mweusi ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likagoma kabisa. Unatafuta kijiti, unakwangua, unakwenda hatua ishirini, unakwangua tena, na mwisho baiskeli ndiyo inayokupanda wewe begani. Lami ipo, lakini kuifikia ni kazi, na ukishaifikia malori hayana mchezo na mzee. Basi baiskeli hutundikwa, na mwenyewe hukaa barazani akila mahindi ya kuchoma.

Nilifanya hivyo mimi. Miaka michache iliyopita nilipimwa presha, ikawa 160 kwa 100. Nikapewa dawa, nikaambiwa na mwili nao utumike. Tangu Juni niliendesha karibu kila siku, na Oktoba kipimo kikawa 134 kwa 84. Nikawatambia watu. Mvua zikaja, nikatundika baiskeli. Mwezi Machi nikapimwa tena. Dawa zilikuwa zile zile, sikukosa hata kidonge kimoja, lakini kipimo kilikuwa 156 kwa 96. Mke wangu hakusema neno siku ile. Alinitazama tu, nikaelewa.

Jambo hilo lina sababu. Mwili hauweki akiba ya mazoezi kama ghala liwekavyo pamba. Ukiacha, katika wiki mbili za kwanza tu maji ya damu hupungua, moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo, ukalazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ile ile. Nafuu ya presha nayo huondoka polepole. Miezi ya mvua yatosha kabisa kufuta yote uliyoyapata kiangazi.

Ufumbuzi niliupata mjini Bariadi, kwa mnoa visu. Mmekwisha kumwona: baiskeli imesimama juu ya stendi, gurudumu la nyuma liko hewani, naye amekaa juu akikanyaga huku jiwe linazunguka. Hasogei hata shubiri, na jasho linamtoka. Nilimsimamia muda mrefu kuliko kisu changu kilivyohitaji.

Nikamwendea fundi wa kuchomelea, akanitengenezea stendi pana ya chuma isiyoyumba. Sasa, gurudumu likiwa hewani bila kazi ni jepesi mno, utakanyaga upepo. Kwanza nilifunga kipande cha mpira kisugue tairi. Kilinata, kikatoa harufu iliyofukuza kuku. Siku hizi natumia mkanda wa turubai: ncha moja imefungwa kwenye fremu, mkanda unapita juu ya tairi kuukuu, na ncha ya pili inaning'inia na jiwe. Nikitaka mlima, naongeza jiwe. Msicheke, kwani ziko baiskeli za kupimia nguvu za wanamichezo katika maabara zilizojengwa kwa kanuni hiyo hiyo ya mkanda na uzito.

Kiti kiwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa goti limekunjika kidogo tu. Mimi nilikiweka chini, magoti yakaniuma wiki nzima. Tena hapo ulipo hakuna upepo wa kukupoza kama njiani, kwa hiyo kaa barazani na maji yawe karibu. Naanza polepole dakika 5, kisha dakika 20 za kasi ambayo naweza kuzungumza lakini siwezi kuimba, kisha 5 za kupoa. Siku tano ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitaja mwaka 2020 kwa watu wazima. Ninyi vijana mmetajiwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza, na mwenye dawa asiziache.

Kinachowashinda watu si miguu, ni kuutazama ukuta. Mimi nafungua redio wakati wa taarifa ya habari.

Kwa vijana wanaoota mashindano, hasa baada ya ubingwa wa dunia wa barabarani kufanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza katika Afrika, nitamtaja Mat Hayman wa Australia. Mwishoni mwa Februari 2016 alivunjika mkono, zikiwa zimebaki wiki sita tu kabla ya mashindano ya Paris–Roubaix, zaidi ya kilomita 250, nyingine juu ya mawe matupu. Akafunga baiskeli ndani ya gereji ya nyumba yake, akakanyaga mkono ukiwa umefungwa. Tarehe 10 Aprili alishinda, akamwacha nyuma Tom Boonen aliyekuwa ameyashinda mara nne.

Mimi simkaribii Hayman. Machi iliyopita, mbuga imejaa maji na baiskeli haijatoka nje tangu Desemba, kipimo changu kilikuwa 136 kwa 84. Safari hii mke wangu alisema neno, nalo lilikuwa kwamba jiwe ninalotundika ni lake la kusagia, nilirudishe.

Stendi nimekuja nayo, iko pale barazani pa ofisi. Baada ya chakula, anayetaka kujaribu aje. Ila si mara tu baada ya chakula.