Saa 75 na Sahihi ya Mjomba

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokokotwa hadi ukumbi huu wa Landover siku ya Jumamosi: nina jambo la kuwaambia.

Nianze na fomu ya saa za kuitumikia jamii. Mwenye mtoto wa sekondari hapa anaijua. Mwaka 1992 Maryland ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuamua kwamba mwanafunzi hahitimu sekondari bila kuitumikia jamii, na sharti hilo likaanza kuwabana wahitimu wa 1997. Kipimo ni saa 75. Kaunti inaweza kubuni utaratibu wake ikipata idhini ya jimbo, na mtoto anaruhusiwa kuanza kuhesabiwa tangu shule ya kati.

Mwaka jana mpwa wangu aliniletea fomu hiyo jikoni. "Mjomba, nisainie saa kumi." Nikamuuliza amefanya nini. Akatazama dari. "Nilikusaidia kuhamisha makochi." Ni kweli alinisaidia, nusu saa hivi, simu ikiwa mkono mmoja. Sitawaficha: kalamu nilishaishika. Muhula ulikuwa ukingoni, mtoto ana akili, na dada yangu angenilaumu.

Fomu iliyotungwa ili kumfunza kijana kujitolea ilikaribia kumfunza kughushi, na mkufunzi ningekuwa mimi, ninayemkemea kila wiki kwa kutowaamkia wageni.

Tukikutana misibani na harusini tunalalamika kwamba shule za huku zimekosa maadili kwa kuwa zimemtoa Mungu. Malalamiko hayo yana historia yake. Tarehe 17 Juni 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikataza shule za umma kuendesha sala na usomaji wa Biblia. Moja ya mashauri mawili yaliyoamuliwa pamoja siku hiyo lilitoka Baltimore, hapo juu tu. Na Juni 2025 mahakama hiyohiyo iliwapa ushindi wazazi wa Montgomery, kaunti tunayopakana nayo, Waislamu na Wakristo bega kwa bega, waliotaka kuwatoa watoto wao darasani pale vinaposomwa vitabu vya hadithi vinavyopingana na imani zao kuhusu jinsia. Sina ugomvi nao. Lakini hata tukishinda kila kesi ya vitabu, ile fomu bado iko mezani jikoni.

Nyumbani Afrika Mashariki nako tumezipa tunu nafasi darasani. Kenya imeorodhesha nane katika mtaala wa umilisi, upendo na uadilifu zikiwemo. Tanzania ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni jambo jema. Hofu yangu ni mtihani: mtoto anaweza kulipata swali la uadilifu kwa kumchungulia jirani.

Ninalolijua kwa mwili wangu ni shamba la shule. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na wengi wetu tunaikumbuka kama amri ya kushika jembe. Isomeni tena. Alitaka wanafunzi washiriki kuamua kitakachofanywa, wafuatilie hesabu, waone jasho lao limezaa nini. Shule niliyosoma mimi ilichukua jembe, mengine ikayaacha. Tulilima, mwalimu wa zamu akiwa chini ya mwembe na fimbo yake. Aliyechelewa namba aliongezewa matuta, kwa hiyo kulima kukawa ndiyo adhabu yenyewe. Mahindi yalivunwa, yakapakiwa, yakaondoka. Yalikokwenda hatukuambiwa, na kuuliza kulikuwa utovu wa adabu. Tulichohitimu nacho ni ufundi wa kutega: jembe lipande juu mwalimu anapokugeukia, lishuke taratibu anapotazama kwingine. Ufundi huo ninao hadi leo, muulizeni mke wangu.

Sasa rudini kwenye kanuni ya Maryland. Inadai mambo matatu: kujiandaa, kutenda, na kutafakari ulichotenda. Nilipoisoma nilimkumbuka Mwalimu, maana ni dai lilelile: mtoto ajue kwa nini anakwenda, na akirudi aulizwe ameona nini. Sisi tunashika la kati peke yake, tena tunalihesabu kwa saa kama kibarua. Wazazi wenye kazi mbili, na humu ndani ni wengi, watasema muda wa kuuliza hawana. Swali lenyewe ni la dakika mbili, garini.

Kalamu niliiweka chini. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka kijana kwenye ghala linalogawa chakula cha msaada, nami nikabaki, nikapanga makopo ya maharage hadi kiuno kikalia. Njiani nilimuuliza ameona nini. Alinyamaza taa mbili nzima za barabarani. Kisha akasema kwamba mama mmoja kwenye foleni alikuwa amevaa sare ya kazini.

"Mama anafanya kazi, mjomba. Na bado amekuja."

Tulifika nyumbani tukiliongelea hilo. Fomu nikaisaini: saa 4.